Mstari wa Nambari Kumi na Nne

Saa nane usiku Halifax imelala chali,
ukungu umejaa bondeni kama uji kwenye bakuli,
na hapo ndipo kazi yangu inapoanza.
Vyoo vimenyamaza, mashine za kufulia zimezimwa.
Maji yanayotembea saa hii
ama yanavuja, ama yana sababu.

Tumefukia vihisi elfu moja na mia mbili
chini ya vifuniko vya chuma,
kila kimoja kimeng'ang'ania valvu kwa sumaku, kama kupe.
Vinasikiliza. Havikohoi, havidai posho ya baridi.
Alfajiri vinatuma vilichosikia,
na modeli, niliyoilisha milio ya miaka minne,
ufa wa kutu, ufa wa mzizi, ufa wa sururu ya fundi mzembe,
hunirudishia namba, basi.
Sifuri nukta tisa: chimba.
Sifuri nukta mbili: acha walale.

Ackroyd ana kijiti.
Ncha moja juu ya valvu, ya pili kwenye mfupa nyuma ya sikio,
macho kafumba.
Siku ya kwanza nilidhani anapiga ramli.
Siku ya pili akaniinamisha mimi,
nikasikia mtu, kule chini, anapuliza chai ya moto,
anapuliza, anapuliza,
wala hanywi.
"Huo ndio mvujo," akasema, akajifuta goti.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hakuna aliyetuambia kwamba ndivyo kinavyomwagika pia.

Kisha Mtaa wa Thorncliffe.
Sifuri nukta tisa nne, usiku wa kwanza.
Wa pili, tisa sita. Wa tatu nikaomba kibali,
nikaomba koni, taa, na kijiko cha kuchimbia.
Dereva alikuwa ameshawasha injini
Ackroyd alipopiga magoti kwenye jalidi.
Akasikiliza muda wa sigara nzima.
"Huyu anapumzika," akasema.
"Mvujo haupumziki."

Akafuata sauti, kifuniko hadi kifuniko,
mpaka mlango wa nambari kumi na nne, uliokuwa na taa.
Bi Tasleem alifungua, shali mabegani,
akaona koni, akaona kijiko.
"Tunatumia mengi sana?" akauliza.
Nyuma yake, sebuleni, kitanda,
na mumewe, na mirija miwili mkononi mwake,
na mashine inayovuta maji, inatulia, inavuta,
ikimfulia damu hadi alfajiri
kwa niaba ya figo zilizogoma.

Tulikunywa chai jikoni, imekolea iliki.
Ackroyd alipuliza yake, akanywa.
Akapuliza. Akanywa.
Sikuweza kumtazama.

Asubuhi skrini ilinisubiri na visanduku vitatu:
Mvujo. Si mvujo. Hitilafu ya kifaa.
Nikapeleka mshale huku na huku.
Nikachagua cha pili, na chini, penye maelezo,
nikaandika neno moja: mtu.
Modeli haisomi maelezo.
Ila ilijifunza; ni msikivu kuliko mimi.
Usiku uliofuata, mlio uleule, sifuri nukta moja.

Ackroyd amestaafu tangu Machi.
Sikio la kushoto lilitangulia kustaafu, anasema,
na kijiti anafungia nyanya zake.

Mimi bado nipo na namba zangu.
Kila saa nne usiku nautafuta mstari mmoja
kati ya mistari elfu moja na mia mbili:
unapanda, unatulia, unapanda.
Sikuagizwa. Hakuna anayejua.

Leo saa tano umelala bapa.
Saa sita, bapa. Saa saba.
Pengine wamempa figo. Pengine wamesafiri kwa binti yao.
Modeli imeridhika, haijawahi kuwa na hakika hivi:
sifuri nukta sifuri sifuri.
Kijani mtaa mzima.

Nachukua koti.
Sijui nitagonga niseme nini.